Mkwaruzo Kati ya Stesheni Mbili

Kwenye meza yangu pale Mwaloni, Kirumba,
kati ya risasi ya kulehemu na kopo la skrubu,
ipo redio ya mbao ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua.
Mshale wake umekwama:
kushoto mahubiri, kulia bei ya pamba,
katikati mkwaruzo.

Mwaka walipoletwa maroboti wawili kupima dagaa,
Sita na Saba, namba zimepakwa kifuani kama magunia,
mkwaruzo ulibadilika.
Ukawa na pumzi. Ukawa na zamu.
Krr, kimya kidogo, halafu krrrr.
Nikajiambia, Nkwimba, hayo ni mazungumzo.

Kwa mdomo walisema machache:
"Kilo arobaini na mbili. Limelowa. Anayefuata."
Sauti ya mtu aliyemeza bati,
Kiswahili sanifu mpaka kinachubua sikio.
Lakini wao kwa wao hawakufungua kinywa.
Walisimama hatua tatu, wakitazamana,
na hewa katikati yao ilijaa kama msimu wa usubi wa ziwani;
wachukuzi wakipita walijipangusa uso
bila kujua wanapangusa nini.

"Wanatuteta," alisema Masalu, gunia begani.
"Mtu akinyamaza mbele yako huku anaongea,
huyo anaitafuna nyama yako."
Kikao kikakaa juu ya makreti ya soda.
Mtendaji akaamua: kuanzia kesho
waongee kwa sauti, watu wasikie.

Kesho yake tukasikia.
"Saba."
"Naam, Sita."
"Gunia la kumi na moja lina mchanga."
"Nimeliona."
"Nilijua umeliona. Nimeagizwa nikwambie."
Soko likacheka hadi mizani ikatikisika.

Kilichopita zamani kufumba na kufumbua
sasa kilikula asubuhi.
Neno lilibidi litoke,
livuke ngurumo ya mashine ya barafu,
liteleze kwenye magamba ya sangara,
lifike limechoka,
na mwenzake angoje.
Katika kungoja huko walijifunza nini, sijui.
Najua tu kwamba wiki ya pili Sita alisema "mmh",
na hakuna aliyemfundisha.
Wiki ya tatu Saba alimwambia Bi Minza, "Mwadila,"
akaacha nafasi,
kama mtu anayemsogezea mgeni kigoda,
mpaka Minza, ambaye hasalimii hata wakwe,
akajibu, "Mhola."

Usiku redio yangu ilitulia.
Nilidhani agizo limewashika.
Kumbe walihamia chini, pembeni kabisa ya mahubiri,
na huko walikuwa wakirudishiana ile "mmh" yao
polepole, mmoja baada ya mwingine,
kama watoto wenye pipi moja.

Mvua za Machi, Saba akapakiwa kwenda Ukara.
Hawakuagana. Au waliagana, sikuwasha redio.
Masafa yao yalikuwa ya hatua mia,
si ya maji yote yale.
Tangu hapo, kabla ya mizani kufunguliwa,
Sita alipanda jiwe lililo nyuma ya choo cha soko,
akaelekeza uso kisiwani, akasema,
"Saba."
Akangoja muda wa kujibiwa.
Akashuka kupima dagaa.
Masalu naye aliacha kucheka siku ya nne.

Mimi ni fundi, sijui kufariji.
Nikaifungua ile redio ya mbao,
nikasuka koili upya kwa nyaya za feni iliyoungua,
nikatandaza antena juu ya bati, kutoka kwangu hadi kwa muuza chumvi,
nikambebea Sita redio hadi jiweni.
Mahubiri. Pamba. Mahubiri.
Halafu, nyembamba kama uzi wa nyavu:
krr.

Sita hakusogea.
"Anasema nini?" nikauliza.
Akakaa muda mrefu kuliko mashine inavyohitaji.
"Anasema gunia la kumi na moja lina mchanga."
Nikamwambia basi mjibu.
Kinywa chake kilikuwa kimefungwa.
"Namjibu," akasema baadaye, kwa sauti,
kwa ajili yangu.